Julius Lester na sungura wa Uncle Remus: alichookoa, alichopoteza

Ngano za Brer Rabbit, sungura mjanja wa hadithi za watumwa weusi, zina ugomvi wa zamani nchini Marekani. Wapo wanaotaka zizikwe pamoja na kitabu kilichozitangaza, na wapo wanaosema kuzizika ni kuwanyima watoto weusi urithi wao kwa kosa la mtu aliyeziandika. Mwaka 1987 Julius Lester, mwandishi mweusi mzaliwa wa St. Louis, aliwaudhi kidogo wote wawili. Alizisimulia upya ngano hizo kwa ajili ya watoto, Jerry Pinkney akachora picha, na jina la Uncle Remus likabaki kwenye jalada.

Lester hakuwa mtu wa kushukiwa kwamba anautamani utumwa. Mwaka 1968 alitoa To Be a Slave, kitabu kilichojengwa juu ya maneno ya watumwa wenyewe, na mwaka uliofuata akatoa Black Folktales, chenye hasira ya wazi. Basi alipolirudia jina la Uncle Remus, wasomaji walitaka kujua kwa nini.

Jina hilo ni la msimulizi aliyebuniwa na Joel Chandler Harris, mzungu wa Georgia. Akiwa kijana, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, Harris alikuwa mwanagenzi wa kupanga herufi katika gazeti lililochapishwa kwenye shamba la Turnwold, na jioni alikaa vibandani kwa watumwa akiwasikiliza. Baadaye, akiwa mwandishi wa gazeti mjini Atlanta, aliziandika ngano zile, na mwishoni mwa 1880 kikatoka kitabu chake cha kwanza, chenye ngano 34. Aliyezisimulia humo ni mzee mweusi mpole anayemhadithia mtoto wa kizungu na kuzikumbuka kwa mapenzi enzi za shamba la mabwana. Ngano zilikuwa za watumwa. Mzee alikuwa wa Harris. Alice Walker, aliyezaliwa Eatonton, mji uleule wa Harris, aliandika mwaka 1981 kwamba Harris alimwibia sehemu ya urithi wake, na filamu ya Disney ya 1946, Song of the South, ilikuwa imeukuza zaidi ule upole wa mzee.

Tatizo la pili ni tahajia. Harris aliandika matamshi kwa herufi: "dat" (that), "gwine" (going), "bimeby" (by and by). Baadhi ya maandishi hayo yanashika sauti halisi ya Kusini mwa Marekani, na wanaisimu huyathamini. Lakini yapo mengine yasiyoshika chochote. Ukiandika "wuz" badala ya "was", matamshi ni yaleyale aliyonayo Mmarekani yeyote, kilichoongezeka ni kumfanya msemaji aonekane hajasoma. Mtoto wa leo hukwama kila mstari, na mwalimu anayesoma kwa sauti hujikuta anaigiza mzaha wa watu weusi hata kama hataki.

Lester alimwondoa mtoto wa kizungu, akaliondoa shamba, akamwondoa na mzee mwenyewe kama mhusika, lakini sauti ya mzee akaibakiza. Lugha yake mwenyewe aliieleza kuwa mchanganyiko wa Kiingereza sanifu na Kiingereza cha watu weusi wa Kusini, ambamo mlio una uzito sawa na maana. Tahajia ni ya kawaida. Weusi wa lugha umo katika mpangilio wa sentensi, katika kurudia na katika kukatiza, na ndiyo maana kitabu kinasomeka kwa sauti bila mazoezi. Hapa, kwa maoni yangu, ndipo aliposhinda kabisa. Walio wengi wanaosimulia upya ngano kama hizi husafisha lugha mpaka inakosa mwenyewe.

Wanaomtetea Harris, hata hivyo, wana hoja moja isiyojibika kirahisi: yule mtoto alikuwa na kazi. Katika kitabu cha 1880, ngano ya pili inamwacha sungura amenasa kwenye sanamu ya lami iliyochanganywa na tapentaini, mtego wa mbweha, ngumi mbili, miguu miwili na kichwa vyote vimegandama. Mtoto anauliza kama mbweha alimla. Mzee anajibu kwamba hadithi inaishia hapo, wengine husema Jaji Dubu alipita akamnasua, wengine husema hakupita. Halafu anamwambia mtoto akimbie, anaitwa na Miss Sally, mama yake. Ngano ya tatu ni ya mambo mengine. Ni katika ya nne tu ndipo sungura anapoomba achomwe, anyongwe, azamishwe, achunwe ngozi, mradi asitupwe kwenye miiba, na anapotupwa anacheka kwamba huko miibani ndiko alikozaliwa na kulelewa. Anayefuta fremu, yaani ile hadithi ya nje ya mzee na mtoto, anafuta pia msikilizaji anayedai mwisho wake. Lester aliziba pengo hilo kwa kumsemesha msomaji moja kwa moja, na mara nyingi inatosha.

Palipomponyoka ni kwenye mizaha. Aliingiza vitu na misemo ya Marekani ya miaka ya 1980, kwa hoja kwamba ngano iliyo hai husema na watu wa wakati wake. Hoja ni nzuri kwa msimulizi aliyesimama mbele ya watu, kwa kuwa kesho atabadilisha. Kitabu hakibadiliki. Mzaha wa mwaka mmoja huchacha kama uji uliolala, na mzazi analazimika kumfafanulia mtoto kitu ambacho ngano haikukihitaji.

Virginia Hamilton wa Ohio alipita njia nyingine miaka miwili kabla, katika The People Could Fly: ngano 24, zile za wanyama zikiwa sehemu moja tu kati ya nne, nyingine zikiwemo za watumwa waliotafuta uhuru. Kila ngano inafuatwa na maelezo mafupi ya asili yake. Kwa darasa, Hamilton ana faida kubwa. Kwa kicheko cha usiku, Lester.

Msomaji wa pwani yetu atawatambua wahusika hawa haraka. George Bateman, aliyechapisha ngano za Zanzibar mjini Chicago mwaka 1901, ana sungura anayekuta nyayo za simba karibu na nyumba yake, akaisalimu nyumba na kujifanya anashangaa kwamba leo haiitikii. Simba aliyejificha ndani akaitikia. Kwa Harris, mbweha anajifanya maiti, na sungura anasema kwa sauti kwamba maiti wa kweli huinua mguu na kupiga kelele. Mbweha akainua. Hii haithibitishi kwamba ngano ilisafiri kutoka Unguja: wengi wa waliopelekwa Marekani walitoka Afrika ya Magharibi na eneo la Kongo na Angola. Ila inadhoofisha dai kwamba Harris ndiye mwenye sungura.

Lester alirudi kwenye magwiji wa Marekani mwaka 1994 na John Henry, mtoboa mwamba aliyeshindana na mashine ya mvuke, akashinda, akafa. Ni kitabu kizuri kuliko vyote alivyofanya na Pinkney, na pia ndicho kinachoficha zaidi. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: mtu mmoja hushika patasi ndefu ya chuma na kuizungusha kidogo baada ya kila pigo, mwingine hupiga nyundo, tundu likitimia hujazwa baruti. Vumbi la mwamba liliua mapafu. Mwaka 2006 mwanahistoria Scott Nelson alitoa hoja kwamba John Henry halisi alikuwa mfungwa wa Virginia aliyekodishwa kwa kampuni ya reli. Lester hakuwa na utafiti huo mezani, lakini nyimbo za kazi za wafungwa alizijua, na kwake John Henry ana upinde wa mvua mabegani na dunia nzima inamshangilia. Mtoto wa miaka sita anaweza kustahili hivyo. Wa miaka kumi na miwili apewe pia habari za minyororo.