Mbu ana fungu lake kwenye bajeti, mnyonge hana pa kuweka nyumba

Huku Florida, kila Agosti mwenye nyumba hutumiwa karatasi ya makadirio ya kodi ya majengo. Si ankara. Ni taarifa kwamba mwaka ujao tumepanga kukutoza kiasi hiki, na kama una la kusema, kikao ni tarehe hii, saa hii, ukumbi huu. Fedha zimechambuliwa mstari kwa mstari: kaunti, shule, usimamizi wa maji, na kwenye kaunti nyingi za pwani, mbu. Ndiyo, mbu wana mstari wao. Unaona mwaka jana ulitoa ngapi kwa ajili yao na mwaka huu wanataka ngapi.

Watanzania wenzangu tukikutana kwenye msiba au kipaimara tunasifia barabara, umeme usiokatika, ambulensi inayofika kabla mgonjwa hajakata roho. Sawa. Mimi nikiulizwa nawaonea Wamarekani wivu gani, nautaja huo mstari wa mbu. Na nikiulizwa kinachonichefua, nautaja ukumbi uleule unakojadiliwa.

Nianze na la wivu. Mamlaka ya kwanza ya kudhibiti mbu Florida ilianzishwa Indian River mwaka 1925. Siku hizi ziko jimbo zima, na baadhi zina bodi inayochaguliwa kwa kura, siku ileile na karatasi ileile anayochaguliwa rais. Kule visiwa vya Florida Keys, Novemba 2016, wananchi walipigishwa kura ya maoni kama wanakubali mbu waliobadilishwa vinasaba waachiwe kwenye maeneo yao. Kaunti kwa ujumla ikakubali, lakini Key Haven, kitongoji kilichokuwa kimelengwa, kikakataa. Majaribio yakahamishiwa kwingine, na mbu wa kwanza wakaachiwa 2021. Uwe unawapenda mbu wa maabara au huwapendi, jambo moja lazima ulikubali: watu waliulizwa.

Wana mafundi wanaopita kukagua mitaro na matairi, wana helikopta, wana samaki wadogo wanaokula viluwiluwi, na wana kuku. Kuku hawa hawachinjwi. Wanafugwa kwenye vibanda sehemu mbalimbali na kutolewa damu mara kwa mara. Damu ya kuku ikionyesha ameshakutana na virusi vya West Nile, wataalamu wanajua mbu wa eneo hilo wamebeba ugonjwa, wanawahi kabla watu hawajaanza kulazwa. Nilipomweleza mama kwenye simu alicheka mpaka akamwita jirani aje asikie. "Kuku wa serikali? Na wanalipwa?"

Mwaka 2023 walipatikana wagonjwa saba wa malaria kaunti ya Sarasota, wote wameambukizwa hapahapa bila kusafiri. Saba. Magari ya dawa yakapita usiku, ndege zikaruka, tahadhari zikatolewa kila kona. Kazini niligeuka daktari wa ghafla, kila mtu ananiuliza homa yake inaanzaje. Sisi tuliokulia Kigogo, Dar es Salaam, tulitazamana tu.

Ila mtu asikudanganye kwamba nchi hii haikuwahi kuwa kama yetu. Kusini mwa Marekani malaria ilikuwa ya kawaida. CDC hii tunayoisikia kila siku, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ilianza Atlanta mwaka 1946, imetokana na ofisi ya kupambana na malaria wakati wa vita. Kuanzia 1947 hadi mwisho wa 1949 walinyunyizia DDT, dawa ya kuua wadudu, majumbani zaidi ya mara milioni 4.6, na 1951 ugonjwa ukahesabiwa umekwisha nchini. Hawakuumaliza kwa makongamano. Waliingia nyumba kwa nyumba, na nyumba zenyewe zikawa zinabadilika, madirisha yanawekwa wavu, mabwawa yanakaushwa.

Sasa njoo ukumbi uleule, kikao kingine, ajenda ni nyumba za kiwandani.

Kwa ambaye hajaziona: wengi huku bado wanaziita treila, ingawa hazitembei tena zikishawekwa. Nyumba inaundwa kiwandani juu ya fremu ya chuma, ikiwa na jiko, choo, nyaya na kila kitu. Inavutwa na lori, mara nyingi ikiwa vipande viwili vinavyokuja kuunganishwa kiwanjani, kisha inafungwa ardhini kwa mikanda ya chuma. Kuanzia 15 Juni 1976 zote zinajengwa kwa viwango vya serikali kuu, na kila kipande kina bati dogo jekundu la uthibitisho nyuma. Kimbunga Andrew cha 1992 kilipozisambaratisha nyingi, viwango vya upepo vikaongezwa mwaka 1994, na Florida nzima imo kwenye kanda zinazodai nyumba imara kuliko sehemu nyingi za nchi. Kwa mtu anayelipwa kwa saa, hii ndiyo nyumba anayoweza kuifikia kwa jasho lake bila kusubiri msaada wa mtu.

Serikali kuu inasema iundwe vipi. Wapi uiweke, hilo ni la kaunti na mji. Na hapo ndipo wanyonge wanapokwama.

Nimekaa kwenye vikao hivyo. Mwananchi anapewa dakika tatu kwenye kipaza sauti. Wanaokuja ni wastaafu wenye muda, wenye nyumba za matofali na nyasi zilizokatwa kama zulia, wamejipanga na wamevaa fulana za rangi moja. Hakuna anayesema hataki maskini, la hasha. Wanasema "sura ya mtaa". Wanasema thamani ya nyumba zao. Wanasema foleni, shule zimejaa, maji taka. Bwana mmoja alisema treila zinaleta mbu! Afisa wa mbu alikuwa amekaa safu ya tatu, akainamia simu yake. Wale ambao nyumba hizo zingewasaidia hawakuwepo. Saa tisa mchana walikuwa wanafua mashuka ya hoteli au kuosha vyombo.

Ninafanya kazi na mama mmoja kutoka Haiti. Nyumba yake ni mali yake, ameimaliza kulipa, lakini imekaa kwenye kiwanja cha kupanga ndani ya eneo la watu wengi kama yeye. Mwenye ardhi anataka kuuza wajenge maghorofa. Nyumba ni ya zamani: kuihamisha gharama yake inamzidi, na maeneo mengine hayapokei nyumba zilizozeeka. Sheria ya Florida inakataza mamlaka za mitaa kubadilisha matumizi ya ardhi na kuwaondoa watu wa namna hiyo bila kwanza kujiridhisha kwamba pana mahali pengine panapofaa pa kuhamia. Kwenye karatasi ni ulinzi wa maana. Kikaoni inaletwa ripoti ya mshauri, ina orodha ya nafasi zilizo wazi huko na huko, na wakubwa wanajiridhisha. Huyo mama alipiga simu kwenye namba mbili za orodha hiyo. Moja ilikuwa ya eneo la wenye umri wa miaka 55 kwenda juu tu, ya pili haikupokelewa.

Na baada ya kimbunga Ian cha Septemba 2022, ukiwa eneo la mafuriko na nyumba yako imeharibika kwa nusu ya thamani yake au zaidi, huruhusiwi kuikarabati ilivyokuwa. Lazima ifikie kanuni za sasa, ikiwemo kuinuliwa juu ya kina cha maji. Kanuni ina akili. Lakini nyumba ya thamani ndogo inafika nusu haraka sana, na mwenye nyumba ya thamani kubwa anabaki na nafasi ya kupumua.

Nyumbani mambo yamegeuzwa chini juu. Kigogo hakuna aliyewahi kumuuliza baba kuhusu sura ya mtaa. Alijenga chumba baada ya chumba, tofali likipatikana linapandishwa, na kibali cha ujenzi ni kitu tulichokisikia redioni. Mjumbe alijua, mwenyekiti alijua, basi. Sehemu kubwa ya Dar imejengwa hivyo, na nasema wazi kwamba huo ni uhuru ambao huyu mama wa Haiti angeulilia. Hasara yake unaiona siku wanapokuja na rangi nyekundu kuweka alama ya kubomoa. Alama ya X ukutani haina dakika tatu za kipaza sauti. Waulize wa bonde la Msimbazi mwishoni mwa 2015, waulize wa Kimara 2017.

Na mbu? Mbu kwetu wamekosa mwenyewe. Kodi ya majengo tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, shilingi 1,000 kwa mwezi mwanzoni, kisha 1,500 kwa nyumba ya kawaida, na mara nyingi anayeilipa ni mpangaji kwa sababu ndiye anayenunua umeme. Meseji inakuja, unaona kodi imeondoka. Imekwenda kufanya nini, haisemi. Ukitaka kujua halmashauri yako imetenga kiasi gani kwa mazalia ya mbu, utazungushwa kutoka ofisi ya mtendaji hadi kwa bwana afya, na bwana afya hana hata pikipiki.

Si kwamba hatujui kazi. Hili ndilo linaloniuma. Mwaka 2004 Jiji la Dar lilianzisha mpango wake wa kudhibiti malaria mjini. Dawa ya bakteria wanaoua viluwiluwi ilianza kumwagwa 2006 kwenye kata tatu, Buguruni, Mikocheni na Kurasini, ikapanuka hadi kata 15 zenye watu zaidi ya laki sita. Waliopita kutafuta madimbwi walikuwa wakazi wa mitaa ileile, na ramani zao zilifuata nyumba kumi kumi za mabalozi, mfumo ambao tuliudhani ni wa siasa tu. Maambukizi yalipungua. Lakini fedha nyingi zilikuwa za wafadhili, na fedha ya mfadhili ina tarehe ya mwisho.

Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980 walimwaga chembe za polistaireni, plastiki nyepesi ya povu, kwenye vyoo vya shimo, zikaelea na kufunika maji, mbu wakakosa pa kuzaliana. Pamoja na dawa za matende zilizogawiwa, ugonjwa ulishuka sana. Hakuna ndege hapo, hakuna kuku wa serikali. Ni choo na gunia la chembe.

Kisha tukajenga kiwanda Kibaha kwa ushirikiano na Cuba, kinatengeneza dawa ya viluwiluwi papo hapo Pwani. Juni 2017 Rais Magufuli akaagiza halmashauri zikanunue. Tulishangilia. Mimi hata wakati ule nilijiuliza kwa nini rais wa nchi aende kiwandani kuagiza dawa ya mbu wa mtaa wangu. Halmashauri inayosubiri agizo la juu ili inunue dawa, agizo likipoa itaacha. Dengi ilikuwa imeshaipiga Dar 2014, ikarudi 2019, na mbu wa dengi anazaliwa kwenye ndoo na matairi ya uani kwako, hasubiri tamko la mtu.

Kuna watakaosema halmashauri hazina hela. Hela hazitoshi, kweli. Lakini sheria inazitaka zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Kumbe inawezekana kuandika fungu kwenye sheria na likafuatiliwa hadi bungeni. Basi liandikwe la mbu, hata liwe dogo. Kikundi cha vijana kikope mtaji kwenye hiyo nne, halmashauri ikipe mkataba wa mazalia ya kata, dawa itoke Kibaha. Wengine watapiga, ndiyo. Ila kwenye mstari unaosomeka wizi unaonekana; kwenye agizo la mdomo huoni kitu.

Na hapa nyumba na mbu vinakutana, jambo ambalo huku Florida wamelisahau kwa kuwa kila dirisha lina wavu tangu wazaliwe. Nyumba yetu ya Kigogo haikuwa na dari. Pesa iliishia kwenye bati, kama kawaida. Kati ya ukuta na bati paliachwa uwazi unaopitisha mkono, wa kuingiza hewa, na mbu wa malaria hupenda kuingilia hapohapo. Chandarua kilikuwepo, lakini kuanzia magharibi hadi saa nne usiku tulikuwa sebuleni tunaliwa. Mtwara kuna watafiti walijenga nyumba 110 za mfano kwenye vijiji 60, familia zikapatikana kwa bahati nasibu: ghorofa moja, watoto wanalala juu, kuta zinapitisha hewa kupitia wavu. Sihitaji nyumba ya mfano kwa kila mtu. Nataka halmashauri, badala ya kudai michoro ya mhandisi kwa mtu wa chumba na sebule, imwambie: funga uwazi wa juu, weka wavu, chimba choo hivi, tutakupa kibali siku hiyohiyo bila kukuzungusha. Wamarekani wana bati lao jekundu linalosema nyumba hii ya bei rahisi imekaguliwa. Kwetu rangi nyekundu ina kazi nyingine.

Hapa kikao cha nyumba za kiwandani kimeahirishwa hadi mwezi ujao. Kura sina, kadi ya kijani hainipi, lakini kipaza sauti hakimuulizi mtu uraia. Nimeshaandika nitakachosema: eneo wanalolikataa lina lami, lina maji, na wakazi wake wanalipia mbu kama sisi wengine. Mama wa Haiti naye atakuja, akipata wa kubadilishana naye zamu.