Deni la Yusuf, Mwaloni Kirumba

Jirani yangu anauza dagaa Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza. Nilimwazima Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 1994, ambayo Ida Hadjivayanis aliitia katika Kiswahili ikatoka 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi kupata Nobeli. Alipoirudisha hakugusia misafara ya biashara wala Wajerumani waliomo humo. Alisema tu juu ya Aziz, tajiri wa kitabuni, "Huyu tajiri namfahamu," akanyamaza, maana alikuwa na mtu wa kweli kichwani.

Rafiki yangu mwalimu wa Kiswahili nilipomsimulia alitikisa kichwa. Kwake huko si kusoma, ni kujitazama kwenye kioo. Riwaya ina zama zake, ina muundo, ina lugha, na msomaji anayekimbilia maisha yake mwenyewe ameiacha nusu. Hoja hiyo ina uzito, na kanda yetu inao ushahidi. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, ilipotoka 1971 wapo walioona uchafu tu, na kwa muda ikapigwa marufuku shuleni. Aliyeishia kwenye aibu hakuiona fimbo ya Zakaria, baba anayemchapa binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana, na balaa lote linaanzia hapo.

Hata hivyo kauli ya jirani hainitoki. Katika Peponi, Yusuf ana miaka 12 anapochukuliwa na Aziz, mfanyabiashara anayemdai baba yake. Hakuna anayemwambia mtoto kwamba amewekwa rehani. Amezoea kumwita Aziz kwa jina la udugu, na Khalil, kijana aliyemtangulia katika rehani hiyo hiyo, ndiye anayemkanya: huyu si ndugu yako. Mwanafunzi akifika hapo anaandika "dhamira: utumwa" na kusonga mbele. Mtu wa mwaloni hawezi kusonga. Ziwani tajiri hukukopesha nyavu, mafuta ya injini, hata ada ya mtoto. Ukifiwa, yeye ndiye wa kwanza kufika. Samaki wako humuuzii mwingine. Unamwita baba, na kwa kweli unampenda. Siku ukitaka kuondoka ndipo hesabu inapoletwa. Jirani yangu alitambua kwamba Aziz hatishi kwa ukali, anatisha kwa upole. Na upole huo umo kitabuni, hakuuleta yeye: manukato yake, utulivu wake, sarafu anayomtilia mtoto mkononi kila anapoaga. Mimi nilikisoma mara mbili, kalamu mkononi, nikaupita.

Ndiyo maana naihofia ile namna yetu ya kufundisha, "kwa kutumia riwaya mbili, jadili". Inampa kijana majina ya vitu kabla hajaguswa navyo. Nawafahamu wengi waliomaliza kidato cha nne na hawajafungua riwaya tena, kwa kuwa kwao riwaya ni mtihani ulioisha. Uchambuzi wa fani na maudhui ungekuja baadaye, kumsaidia msomaji aliyekwisha kuumia aelewe ameumizwa na nini.

Wiki iliyofuata jirani alinisimamisha njiani, bado ana hasira na mwisho wa kitabu, pale Yusuf anapoukimbilia msafara wa askari wa Wajerumani. "Katoka kwa tajiri huyu, kaenda kwa tajiri yule," alisema. Hapo ndipo Wajerumani walipoingia katika mazungumzo yetu, bila mtu kumtajia dhamira ya ukoloni.