Shule ya bure, benchi hakuna

Kila asubuhi, hata kabla ya daftari, dada yangu anatia kipande cha kitenge cha zamani ndani ya mfuko wa shule wa mwanawe. Ni cha kukalia. Benchi la watoto wawili linabeba wanne siku hizi, na anayechelewa anakaa chini, kwenye vumbi jekundu letu la Lubumbashi ambalo sabuni yenyewe inaliogopa.

Sisemi gratuité, yaani shule ya msingi bila malipo, ilikuwa kosa. Kifungu cha 43 cha Katiba ya Kongo ya 2006 kiliiahidi katika shule za serikali. Tukangoja miaka 13, mpaka Septemba 2019. Kabla ya hapo, tangu Zaire ilipofilisika miaka ya 1990, mzazi ndiye aliyemlipa mwalimu. Mimi mwenyewe nilifukuzwa darasani mara tatu mwaka mmoja kwa sababu ya hiyo primu, pesa ya mwalimu. Unasimama, unakusanya vitu vyako, wenzako wanajifanya wanaandika. Kwa hiyo anayeniambia kura ya Desemba 2018, iliyotangulia gratuité, haikuleta kitu, mimi na yeye tutagombana.

Lakini mzigo alioutua mzazi, nani aliubeba? Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 800 mwaka 2020, ni kweli. Hata hivyo wako walimu wa NU (nouvelles unités), wale ambao bado hawajaingia kwenye listi ya mishahara. Jirani yangu alikuwa mmoja wao: asubuhi chaki, jioni anauza makaa kando ya barabara. Mikono myeupe, kisha mikono myeusi. Yeye mwenyewe alikuwa akiucheka utani huo, mimi sikuweza.

Na malori ya shaba na kobalti hayo yanapita kuelekea Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Sheria ya migodi (Code minier) ya 2018 inasema wazi: katika mrabaha ambao kampuni inalipa, asilimia 25 ni ya jimbo, na asilimia 15 ni ya komini au sekta yenye mgodi. Hapo Kinshasa hatuwezi kuilaumu kwa kila kitu. Komini inayopokea pesa hizo ibandike ukutani, kwa Kiswahili, zimeingia ngapi na zimenunua nini. Mimi ningeanza kusoma kwenye mstari wa benchi.

Seremala wa avenyu yetu mbao anazo. Anangoja mtu wa kumwagiza.