Mtaro haupimwi kwa mvua ya siku nzima

Kila masika maji yakisimama Mwanakwerekwe, mtaa wa Unguja, lawama huangukia taka. Sizitetei, lakini mtaro uliokadiriwa vibaya utafurika hata ukifagiliwa kila asubuhi.

Kosa kubwa ni kuchukua mvua ya siku, tuseme milimita 120, ukaigawa kwa saa 24. Unapata milimita 5 kwa saa. Hayo manyunyu! Mvua ya masika humwaga kwa pupa, kisha ikanyamaza.

Chukua bonde la hekta 40, njia ya maji ya mita 1,200, na mteremko wa mita 6 kutoka pembe ya mbali hadi kwenye karavati, yaani njia ya maji chini ya barabara. Kwa fomula ya Kirpich, inayokadiria muda wa safari ya maji kwa urefu wa njia na mteremko, maji ya pembe ile hufika baada ya dakika 35 hivi. Hapo ndipo bonde zima linamwaga kwa pamoja, basi mvua ya kutafuta ni ile kali ya dakika 35. Tuseme ni milimita 80 kwa saa, na kwa vile mtaa ni mabati na sakafu, 0.7 ya mvua hutiririka: 0.7 × 80 × 40 ÷ 360 (hiyo 360 ni ya kugeuza vipimo tu), yaani mita za ujazo 6.2 kwa sekunde. Kwa zile milimita 5 ungepata 0.4, na karavati ungelijenga la mtoto kuchezea.

Hata hizo dakika 35 usiziamini sana. Kirpich aliitoa fomula yake mwaka 1940 kwa vipimo vya mashamba ya Tennessee, Marekani. Kwenye mtaro wa zege maji hukimbia zaidi, muda hupungua, na mvua ya muda mfupi ndiyo kali zaidi. Ukisakafia mtaro wa juu, wa chini ndio unaobeba mzigo.

Ile 0.7 nayo haikai. Kiwanja cha mchanga chenye minazi hutiririsha 0.2 au chini yake. Mwenyewe akimwaga zege uani, kinafika 0.9. Kadiria mji utakavyokuwa, usikadirie ulivyo leo.

Halafu kuna bahari. Wakati wa bamvua, kujaa na kupwa Unguja hupishana kama mita 4. Mdomo wa mtaro ukizama, upana wake haukusaidii kitu; maji yanataka pahala pa kungojea. Bonde letu, kwa dakika 35 zile, hutoa mita za ujazo 13,000: kiwanja kizima cha mpira, maji yakimpita mtu wa kimo cha kawaida.