Mradi wa Mtoto, Mikono ya Mzazi

Ilikuwa saa tano usiku. Mwanangu wa miaka tisa alikuwa amelala fofofo, nami nimepiga magoti sakafuni nikibandika mishipa ya uzi mwekundu kwenye moyo wa katoni. Kazi ilitakiwa asubuhi. Yeye alikuwa ametengeneza wake jioni: umeinama upande mmoja, gundi imemwagika, na ndani una vyumba vitatu badala ya vinne. Niliuweka kando nikaanza upya. Kesho yake moyo ulisifiwa mbele ya darasa. Aliporudi nyumbani hakuugusia kabisa mpaka nilipomuuliza. Akajibu taratibu, "Wameupenda moyo wako, mama."

Jibu hilo limenikaa rohoni. Wazazi tukikutana, habari za miradi, maonyesho na kambi za shule hutugawa pande mbili. Wako wanaosema ni usumbufu mtupu: gharama, usiku wa kukesha, masomo yanayoachwa. Wako wanaosema ndiyo sehemu ya shule ambayo mtoto ataikumbuka akishasahau kila mtihani. Kila upande una hoja nzito. Lakini naona tunaruka swali la kwanza kabla ya hayo yote, nalo ni hili: kazi hii ni ya nani?

Mbinu ya miradi si jambo la jana. Mwaka 1918 William Heard Kilpatrick, aliyekuwa akifundisha walimu katika Teachers College mjini New York, aliandika makala iliyoieneza mbali. Kwa maelezo yake, mradi ni shughuli yenye kusudi ambayo mtoto huifanya kwa moyo wote, akiwa miongoni mwa wenzake. Kusudi liwe la mtoto. Ukiliondoa hilo, kilichobaki ni kazi ya mikono iliyopewa jina kubwa. Na mengi yanayofika nyumbani leo yakiitwa miradi ni maagizo tu: leta moyo, leta volkano, leta ramani, mwisho Ijumaa.

Hata hivyo, siwezi kuudharau mradi wa kweli, kwa sababu nimeona unachofanya. Mpe mtoto vijiti na uzi, mwambie ajenge daraja la kubeba kitabu. Ataanza na miraba, na miraba italala upande kitabu kikiwekwa. Atajaribu tena, ataongeza kijiti cha kukatiza kona hadi kona, na ghafla daraja litasimama. Hapo amegundua kwa vidole vyake kwamba pembetatu haibadiliki umbo mpaka upande wake mmoja uvunjike, ilhali mraba unajikunja kwenye pembe huku pande zote zikiwa nzima. Sentensi hiyo ingeweza kuandikwa ubaoni ikanakiliwa kwa dakika moja. Ila aliyeshuhudia daraja lake likianguka mara nne haisahau.

Sasa upande wa pili, ambao watetezi wa miradi huupuuza mapema mno. Mwaka 2006 watafiti wa elimu Paul Kirschner, John Sweller na Richard Clark waliandika hoja kali dhidi ya ufundishaji unaomwachia mwanafunzi agundue karibu kila kitu mwenyewe. Akili ya anayeanza kujifunza, walisema, inaweza kushika mambo machache tu kwa wakati mmoja. Asiyejua kitu bado, ukimwachia atafute njia peke yake, nguvu zake zote zinaishia kwenye kuhangaika na hazibaki za kujifunza. Nami nakubali. Mwanangu alikosea vyumba vya moyo kwa sababu alikuwa peke yake na picha ndogo kitabuni, tena mwisho wa siku, akiwa amechoka. Daraja la vijiti linafundisha pale tu ambapo kuna mtu mzima karibu wa kuuliza kwa wakati wake, "Limeangukia upande gani?"

Mtu huyo anapaswa kuwa mwalimu, na mahali pake ni darasani. Hapa ndipo nilipobadilika msimamo. Mradi ukipelekwa nyumbani, kinachopimwa ni nyumba. Inapimwa kama kuna printa, kama kuna intaneti, kama yupo mzazi aliyerudi kazini mapema na bado ana nguvu za kukata karatasi ya manila. Mwalimu anapokea kitu kilichokwisha kutengenezwa, bila kuona njia iliyopitwa, na alama anazotoa zinakwenda kwa kaya. Mtoto aliyefanya kazi yake kwa mikono yake anaiweka mezani pembeni ya kazi za watu wazima, na anachojifunza asubuhi hiyo ni kuionea aibu. Hilo linaniuma kuliko gharama, kwa sababu mimi mwenyewe nimewahi kuwatia watoto wengine katika aibu hiyo kwa moyo wangu wa katoni.

Isitoshe, nilifuta kosa lililokuwa na thamani. Moyo wa chura una vyumba vitatu, na chura anaishi nao. Mwalimu ambaye angeuona moyo wa mwanangu angeweza kumwambia hivyo, kisha kumuuliza: je, sisi tunakihitaji cha nne kwa nini? Kutoka hapo wangefika kwenye jambo kubwa, kwamba kwetu sisi damu iliyokwishachukua oksijeni kwenye mapafu inatengwa kabisa na ile inayorudi kutoka mwilini. Mlango wa somo hilo ulikuwa kwenye katoni iliyoinama, nami nikaufunga.

Wapo watakaosema kwamba mwalimu mwenye darasa lililojaa hana nafasi ya kusimamia miradi thelathini au hamsini. Ni kweli, na sitaki kumtwika mzigo mwingine. Basi miradi ipungue. Mmoja kwa muhula, unaofanywa na vikundi darasani kwa vifaa sawa kwa wote, una faida kuliko sita inayokesha sebuleni. Wengine watasema kutengeneza kitu pamoja na mwanao ni tunu ya malezi. Hilo nalikubali bila kusita, mradi alama zisiwepo. Siku isiyo na alama, sina sababu ya kumnyang'anya mkasi.

Mambo ya zawadi nayo yanastahili kuangaliwa. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha utafiti juu ya watoto wa shule ya awali waliopenda kuchora. Walioahidiwa cheti kabla ya kuchora, walipoachwa baadaye wachague mchezo kwa hiari, walichora kwa muda ulio karibu nusu ya ule wa wenzao wasioahidiwa kitu. Waliopewa cheti bila kutarajia hawakupoteza hamu yao. Ndiyo maana siku ya maonyesho huwa natamani vikombe vibaki kabatini.

Kuhusu michezo ya kuigiza, kwaya na ngoma, sina mengi ya kulalamikia. Mtoto anayekariri sehemu yake, akangoja zamu yake gizani nyuma ya pazia na kisha akatoa sauti mbele ya watu mia, amevuka mto ambao hakuna mtihani unaouvusha. Kinachonisumbua ni wale wale kupewa nafasi kuu kila mwaka, huku wengine wakipangwa mstari wa nyuma wajaze jukwaa. Si lazima kila mtoto awe mhusika mkuu. Lakini kila mmoja awe na kazi ambayo asipoifanya onyesho litakwama: avute pazia, apige ngoma ya kuanzisha wimbo, ashike taa. Na mtoto mwenye hofu? Hofu ya nusu saa kabla ya kupanda ni ya kawaida, naye huifurahia akishashuka. Ile ya kuumwa tumbo wiki tatu mfululizo ni kitu kingine, na mzazi anapaswa kumtetea mwanawe bila kuona haya. (Na tafadhali, wazazi wenzangu, tushushe simu. Mtoto akiwa jukwaani hutafuta uso, si kioo.)

Kambi ndiyo inayogawa familia hasa, kwa sababu inahusu kulala mbali na nyumbani. Agosti 1907 Robert Baden-Powell aliwapeleka wavulana wapatao ishirini kisiwa cha Brownsea, kusini mwa Uingereza, katika kambi iliyozaa harakati ya skauti. Aliwachanganya watoto wa shule za matajiri na watoto wa familia za kawaida, wakaishi katika makundi manne yaliyochanganyika. Kuna jambo moja katika historia hiyo ambalo ningependa kila kamati ya shule ilijue: ada haikuwa moja. Wa shule za matajiri walilipa pauni moja, wengine shilingi tatu na peni sita, yaani chini ya sehemu moja ya tano. Kambi ya kuchanganya watoto ilipangiwa ada ya kuwachanganya. Leo ada ikiwa moja kwa wote, wasioweza wanabaki darasani siku tano wakipewa kazi za kupitisha muda, na wenzao wanarudi wakiwa na nyimbo na utani wasiouelewa.

Faida zipo. Mwaka 2014 watafiti wa California walieleza kwamba watoto 51 waliokaa siku tano kambini bila simu wala televisheni walirudi wakitambua vizuri zaidi hisia kwenye nyuso za watu, wakilinganishwa na 54 waliobaki na maisha yao ya kawaida. Mtu makini atauliza kama ni kukosa simu au ni kukaa pamoja kutwa kulikoleta matokeo hayo, na utafiti ule hauwezi kuyatenganisha mawili hayo. Kwangu, mzazi, lolote kati ya hayo linatosha.

Faida hiyo haifuti maswali ya usalama, wala mzazi anayeuliza asiitwe mwoga. Shule ya mwanangu imeleta fomu ya kambi. Nimeuliza mambo manne: watu wazima ni wangapi kwa watoto wangapi, dawa yake ya pumu itashikwa na nani usiku, wataingia majini chini ya uangalizi wa nani, na kuna utaratibu gani wa kuhakikisha hakuna mtu mzima anayebaki peke yake na mtoto hemani. Matatu ya mwanzo yamejibiwa vizuri. La nne bado, na fomu iko mezani ikingoja jibu lake. Begi lake liko mlangoni tangu jana. Amelipanga mwenyewe, soksi zimefungwa pamoja na tochi, na sijalifungua kulikagua.