Tandiko Lilipunguzwa, Mama Ni Yuleyule

Siku ya pili baada ya panya kuzaa, mtafiti anafungua kizimba. Anatoa sehemu kubwa ya maranda, anatandaza wavu, kisha anamwachia mama kipande kidogo tu cha kujengea kiota. Chakula kipo tele na maji yapo. Mama hapigwi, haondolewi kwa watoto wake. Siku ya tisa tandiko la kawaida linarudishwa.

Hilo ndilo jaribio lote. Lilianza kwa panya wa aina kubwa (rat kwa Kiingereza), ambao hapa nitawaita panya wakubwa, katika maabara ya daktari wa watoto Tallie Baram, Chuo Kikuu cha California, Irvine, na mwaka 2008 likachapishwa la panya wadogo, yaani wa aina ndogo (mouse). Nimelisoma mara nyingi na bado linanigusa kuliko majaribio mengine ya msongo wa utotoni, kwa sababu ni dogo mno. Wiki moja tu ya maranda haba.

Katika wiki hiyo mama hubadilika. Hutoka kiotani, hurudi, humlamba mtoto kidogo, humwacha, hukimbia tena. Ukijumlisha muda anaokaa na watoto, mara nyingi haujapungua sana. Kilichovurugika ni mpangilio: mtoto, ambaye macho yake bado hayajafunguka, hawezi kutarajia ulimi wa mama utakuja lini wala utadumu kwa muda gani. Homoni ya msongo hupanda katika damu yake. Baadaye, panya huyo akiwa amekomaa na tandiko likiwa limesharudi zamani, kumbukumbu yake huyumba. Panya wa kawaida akiwekewa kitu alichokwisha kukiona pamoja na kitu kigeni, hukiendea kile kigeni akinuse. Huyu hushindwa kuvitofautisha vizuri. Na kwa wale panya wakubwa wa Irvine, hata hamu ya maji ya sukari ilipungua.

Sasa fikiria mtu anaingia maabara siku ya tano, hajui lolote kuhusu maranda. Anamwona mama anahangaika, watoto wametawanyika. Ataandika nini daftarini? Ataandika kwamba mama huyu ni mzembe.

Nasi tunaandika hivyohivyo kila siku. Mtoto wa jirani akiwa mkorofi shuleni, tunasema hana malezi, na tunamaanisha mama yake. Tunayo methali, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Naiheshimu, lakini tumeigeuza rungu la kumpigia mzazi, hasa mwanamke, bila kuuliza analelea wapi na kwa nini usiku anaamka mara sita. Panya wa Irvine hakuwa mama mbaya. Alipunguziwa tandiko, na aliyelipunguza alikuwa amesimama palepale ameshika kalamu.

Kuna wanaokimbilia upande wa pili na kusema basi, aliyeumia utotoni amekwisha. Hilo nalo silikubali. Mtafiti Seymour Levine alionyesha mwaka 1957 kwamba watoto wa panya wakubwa waliotolewa kiotani na kushikwashikwa kwa muda mfupi kila siku walihimili misukosuko vizuri zaidi walipokua. Kuwatenga na mama kwa saa tatu kwa siku ni habari nyingine, ingawa hata hapo maabara mbalimbali zimepata majibu yanayopingana kwa panya wadogo. Mama akirudishwa, pengine huwalamba watoto kwa bidii kuliko kawaida, kana kwamba analipa deni.

Mwaka 2017 mtafiti Catherine Peña na wenzake, New York, walitoa matokeo ambayo kwangu ni mazito zaidi. Waliwasumbua watoto wa panya wadogo kati ya siku ya 10 na ya 20, wakiwatenga na mama kwa saa kadhaa na kuwapunguzia tandiko. Walipokua, kwa kuwatazama tu usingewatofautisha na wenzao. Kisha wakakutanishwa siku baada ya siku na panya mbabe wa kuwaonea. Hapo ndipo wale waliosumbuliwa utotoni walipoanza kuwakwepa panya wenzao. Protini moja ya ubongoni, Otx2, ilihusika. Ilipoongezwa wakiwa bado wadogo, madhara yaligeuzwa. Jeraha lilikuwepo, lilingoja pigo la pili, na lilikuwa na wakati wake wa kutibika.

Wapo watakaosema panya si mtu. Ni kweli, na nasikitika kwa mateso ya wanyama hawa. Kwa kuwa wameshateseka, angalau tusome sawasawa walichotuonyesha. Kliniki tunampima mtoto uzito, tunaweka alama kwenye kadi, tunaondoka. Ningependa siku hiyohiyo mama aulizwe analala wapi, nani anamshika mtoto yeye akioga, na mwezi huu amehamishwa nyumba mara ngapi, na majibu yake yaandikwe kwenye kadi ileile.