Lugha yako ndogo ya alama: uitunge, au ubaki na Markdown?

Chukua ubeti wa shairi la Kiswahili, uandike katika faili la Markdown, yaani maandishi ya kawaida yenye alama chache za kuonyesha vichwa, mlazo na viungo, kisha utazame kwenye kivinjari. Mishororo yote imeshikana, imekuwa aya moja. Markdown huichukulia mistari inayofuatana kuwa maelezo yanayoendelea, na ukitaka mstari ukatike, njia ya kawaida ni kuacha nafasi mbili mwishoni mwake. Nafasi hizo hazionekani, na vihariri vingi vya wanaprogramu vimepangwa kuzifuta kila faili linapohifadhiwa. Hapo ndipo mtu husema: basi natunga lugha yangu.

Hamu hiyo ina msingi. Markdown yenyewe ilianza hivyo hivyo: John Gruber aliitoa mwaka 2004 ili kurahisisha uandishi wa kurasa za wavuti, akafuata mazoea ya watu wanaoandikiana barua pepe. Ilikuwa lugha ndogo yenye kazi moja. Shairi nalo lina mambo ambayo lugha hiyo haina alama yake: ubeti, mshororo, na vipande viwili vya mshororo, yaani ukwapi (cha kwanza) na utao (cha pili). Ukijitungia alama zake, unaweza kuandika hivi:

@ubeti
Kalamu i mkononi / karatasi naijaza
Maneno yamo moyoni / na leo nayatangaza

Faida kubwa hapa kuliko sura ya ukurasa ni kwamba sasa kompyuta inajua kipande kinaanzia wapi na kinaishia wapi. Programu fupi inaweza kuhesabu irabu za kila kipande, ikaongeza ile m ya "mkononi" inayosimama yenyewe kama silabi, ikajihadhari na maneno kama "mbali" ambamo m na b hutamkwa pamoja, na kukuambia kama mizani ni nane kwa nane. Inaweza kulinganisha vina vya kati na vya mwisho, kisha ikataja mstari wenye kasoro. Kwa mtu anayehariri diwani nzima, huo ni msaada wa kweli.

Upande wa pili una uzito pia, na wanaoanza huudharau. Kuandika kichanganuzi, yaani ile programu inayoisoma lugha, ni sehemu nyepesi. Kazi iko kwenye kanuni. Maelezo ya Gruber yaliacha maswali mengi wazi, kila mtu akayajibu alivyoona, na faili lile lile likawa linatoka tofauti kwenye programu tofauti. Mwaka 2014 John MacFarlane, Jeff Atwood na wenzao walitangaza CommonMark, kanuni kamili za Markdown, ili kuziba mianya hiyo. Kanuni za herufi mlazo na herufi koza peke yake ni 17, mifano ya majaribio imepita 600, na toleo la Januari 2024 bado lilikuwa 0.31.2. Haya yote ni kwa ajili ya lugha ambayo watu huisifia wepesi wake.

Kiswahili nacho kina mitego yake. Tuseme umeamua maneno ya mlazo yazungukwe na alama ya '. Andika "ng'ombe wa ng'ambo", na "ombe wa ng" itatoka ikiwa imelala. Ule mkwaju wangu (/) wa kutenga vipande nao una tatizo: mtu akitaka kuandika msimu wa 2004/05 ndani ya mshororo, afanyeje? Ukitumia mkato badala yake, kama vitabu vingi vya mashairi vinavyofanya, utagongana na mikato ya ndani ya kipande. Kila alama uichaguayo ina mahali itakapotakiwa kuwa herufi ya kawaida tu, na njia ya kusema hivyo lazima iwepo tangu siku ya kwanza.

Hoja nzito zaidi dhidi ya kutunga ni kwamba huenda unachokitaka kipo. Pandoc, programu ya MacFarlane huyo huyo ya kugeuza maandishi kutoka muundo mmoja hadi mwingine, inaruhusu kuanza kila mshororo kwa alama ya | na mistari ikabaki ilivyo. Inaruhusu pia kuzungushia sehemu jina lako mwenyewe, kwa mfano ::: ubeti, na kuichakata kwa programu ndogo iliyoandikwa kwa Lua, lugha ya kuandikia programu.

Hata hivyo, MacFarlane mwenyewe, baada ya miaka yote hiyo na CommonMark, mwaka 2022 alitoa lugha mpya, Djot, ambayo kanuni zake zilichaguliwa makusudi ili zisomeke kwa urahisi na bila utata. Nayo Gemtext, lugha ya kurasa za Gemini, mradi wa kurasa nyepesi za mtandaoni (si Gemini ya Google) ulioanza 2019, huamua aina ya kila mstari kwa herufi zake tatu za mwanzo. Haina mlazo wala koza, na kiungo hukaa kwenye mstari wake peke yake. Kwa anayeanza, hiyo ndiyo njia ninayoipendekeza: soma mstari kwa mstari, na usiruhusu alama kuingiliana.

Tena usikubali lugha yako ikisie. YAML, lugha ya kuandikia mipangilio na data za programu, katika toleo 1.1 ilisoma NO kuwa "hapana", hivyo kifupi cha Norway kikageuka kuwa jibu la uongo katika orodha za nchi. Markdown ina kasoro ya upande mwingine: haikatai chochote, kwa hiyo hujui umekosea hadi uone ukurasa. Mstari usioeleweka ukataliwe, na namba yake itajwe.

Kwa mwandishi mmoja mwenye mashairi machache, Pandoc inatosha na ningemsihi aishie hapo. Kwa diwani ya washairi wengi wanaoandika kwenye simu, ambao si wanaprogramu, ningetunga: alama mbili au tatu, na jozi za mifano ya kinachoingia na kinachotoka, zote zimeandikwa kabla ya msimbo wowote. Wiki hiyo hiyo ningeandika programu ya kugeuza mafaili kuwa TEI, mfumo wa XML wenye lebo za beti, mishororo na hata mahali mshororo unapogawanyika, ili kazi za washairi zisomeke hata lugha yangu ikikosa mtu wa kuitunza.